Kuyazoa

Maji yakimwagika hayazoleki, husema mama.
Mwaka ule nilikaa miezi saba
katika baraza la Wadi Sidra
nikiandika muhtasari wa watu wazima kumi na mmoja
wakijadili namna ya kuyazoa.

Kwetu maji safi yana daftari lake.
Falaji hugawanywa kwa athari:
nusu saa yako, nusu saa yangu,
nusu saa ya msikiti.
Ndugu wamenuniana mpaka kaburini
kwa athari moja ya usiku wa manane.
Lakini yakishatoka jikoni, yakishatoka chooni,
maji hayana mwenyewe.
Yanashuka shimoni nyuma ya nyumba, kimya,
mpaka Rafikul aje na lori lake la manjano,
avute, alipwe riali zake, aondoke,
wala hatumuulizi anakomwaga.

Kisha Muhanna wa maabara akaleta chupa mbili:
moja ya kisima mama cha falaji,
moja ya huku chini, kwenye mitende.
Akaziweka mezani karibu na birika.
Hakusema neno.
Sheikh Thuwaini akakisogeza mbali kikombe chake.

Hapo ndipo tulipoiandikia Tume ya Majitaka
ambayo miji minne ya bonde iliiunda
sisi tukiwacheka: ushirika wa mavi!
Barua yangu ya kwanza ilijaa adabu.
Ikarudi imejaa maswali.
Nyumba ngapi? Na wageni wa Idi, mmewahesabu?
Nani ameidhinisha, kwa kura ngapi?
Nani atachangia deni la mitambo
tuliyoijenga ninyi mkiwa mmelala?

Maji usiyoyafika hujui wingi wake.
Nikapita mlango kwa mlango na kalamu,
nikiuliza yasiyoulizwa:
mwafua mara ngapi, shimo hujaa lini.
Bi Shinuna akanijibu kwa Kiswahili cha Ng'ambo,
sauti chini, mkwe asisikie.

Usiku wa kura Hamdun alisimama.
"Wao wana viti vinane, sisi watatupa kimoja.
Tutakuwa mkia."
"Mkia kazi yake kufukuza nzi," akasema Thuwaini,
"na nzi ndio tulio nao."
Saba wakakubali, watatu wakakataa,
mmoja alitoka kwenda kuswali, hakurudi.

Ikabaki miji minne nayo itukubali, mmoja mmoja.
Hisn Rawda ikashika miguu: hatukuchimba kwa ajili ya wachelewaji.
Tukaongeza ada ya kuingia, kwa miaka kumi.
Tukabeba kilomita nane za bomba peke yetu.
Mkataba ulipokuja, nilisoma kifungu cha kutoka
kabla ya kifungu cha kuingia,
kama mwanamke mwenye akili asomavyo karatasi ya ndoa.

Mhandisi akauliza: fungu lenu tuliiteje?
Nikaandika: athari kumi na nne.
Wenye falaji wote wakacheka.
Kwao ni nusu saa ya maji.
Kwa lugha ya mama ni kile kinachobaki
mtu akishapita.
Sikufuta.

Bomba lilichukua miaka miwili mingine,
na mwamba mmoja ambao hakuna aliyeuandika.
Rafikul aliuza lori, akaajiriwa na Tume;
sasa ana kofia ngumu na siku ya mapumziko.
Wanasema maji yatasafishwa, yatanywesha miti ya barabarani.
Mitende, bado. Mitende ina kumbukumbu.

Siku walipotuunga, mama alikuwa ameosha mchele.
Akashika sufuria juu ya karo, akasita.
"Yanakwenda wapi?"
"Kwa jirani. Hisn Rawda."
"Hivi hivi, bila hodi?"
"Hodi nilibisha miezi saba, mama."

Akamimina.
Kisha akainamisha sikio.